Mke wangu hajui binti yetu ndiye anayeniendesha

Mshauri,

Nina miaka 51, nimeoa, tumejaliwa watoto watatu. Gari letu limesimama uani tangu mwaka jana kwa sababu mimi, dereva pekee wa nyumba hii, nimekatazwa na daktari kuendesha. Nina presha ya macho, wengine wanaiita glakoma. Mke wangu hajawahi kujifunza gari. Kijana wetu mkubwa anafanya kazi mbali, tunamwona likizo tu. Anayefuata ni binti, ana miaka 17. Sheria ya hapa tunapoishi inamruhusu. Amesoma shule ya udereva, akafanya mtihani, akafaulu mara ya kwanza. Leseni yake ina miezi miwili.

Tatizo lipo kwa mama yake. Miaka mitatu iliyopita tulimzika mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 19 tuliyemlea hapa nyumbani. Walikuwa vijana watano garini, wanatoka kwenye sherehe, saa nane usiku. Aliyeshika usukani alikuwa rika lao. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo mke wangu akisikia tairi zinalia barabarani huacha anachofanya na kusimama. Binti alipoleta leseni, mama yake alimkumbatia na kumpongeza. Usiku akaniambia mimi: "Leseni ni karatasi. Gari hagusi mpaka atimize miaka 21." Ufunguo akauweka kwenye mkoba wake.

Mimi nilinyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikuwa na ufunguo wa akiba.

Asubuhi moja nilikuwa na miadi ya kliniki, mvua inanyesha, na mtu aliyeahidi kunipitia hakutokea. Mama yao alikuwa ameshakwenda kazini. Binti amemaliza shule, yupo nyumbani akisubiri matokeo. Akaniambia, "Baba, si mimi nipo?" Nikautoa ufunguo. Tangu hapo ameniendesha mara nne, zote asubuhi, mimi nikiwa kiti cha mbele kando yake. Anaendesha vizuri, Mshauri, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Hakimbizi gari. Anafunga mkanda kabla ya kuwasha. Simu anaiweka kiti cha nyuma. Ni mtulivu kuliko kaka yake alivyokuwa katika umri huo. Tukirudi, analiegesha gari juu ya alama zilezile za tairi, kama vile halikuondoka.

Jioni moja mdogo wao wa miaka 8 aliweka kiganja kwenye boneti, akasema mbele ya mama yake, "Mbona gari lina moto?" Nikajibu kwamba nililiwasha kidogo ili betri isife. Binti yangu alinitazama, kisha akatazama chini. Yale macho bado ninayo.

Wiki iliyopita aliniomba gari awapeleke wenzake watatu kwenye sherehe ya kuagana, warudi saa tano usiku. Nikakataa palepale. Hakupiga kelele. Alisema hivi: "Kaka alikuwa anabeba timu nzima ya mpira na mkamwita dereva wa nyumba. Mimi ni dereva shida ikiwa yako. Ikiwa yangu, narudi kuwa mtoto."

Nilikosa la kujibu. Ni kweli kaka yake tulimpa ufunguo akiwa na miaka 17 bila kikao chochote. Wiki ya pili akagonga nguzo ya lango, tukacheka.

Naomba unisaidie. Kijana wa umri huu aruhusiwe kuendesha, au mke wangu yuko sahihi? Na je, nimwambie? Nikisema, ataniona mwongo, na binti huenda akanyimwa gari kabisa. Nikikaa kimya, na siku moja barabarani likatokea la kutokea, nitamtazama vipi?

Baba wa Ufunguo wa Akiba

*

Ndugu yangu Baba wa Ufunguo wa Akiba,

Pole kwa macho. Naanza hapo kwa sababu wewe umelitaja jambo hilo ukalipita haraka, ukakimbilia ya wengine. Mtu aliyezoea kuwapeleka watu wake kila mahali, kisha akaambiwa ahamie kiti cha abiria, ana msiba wake mdogo hata kama hakuna anayekuja kumpa pole. Nadhani baadhi ya uliyoniandikia yanatoka huko.

Umeniuliza kama kijana wa miaka 17 aruhusiwe kuendesha. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona swali hilo limebeba mengine mgongoni. Kuna binti mwenye leseni anayetaka kuaminiwa. Kuna mama ambaye hofu yake ina kaburi. Kuna baba anayehitaji dereva. Na kuna siri ambayo hadi mtoto wa miaka 8 ameshaigusa kwa kiganja.

Kwenye umri, hata mataifa hayajakubaliana. Uingereza inatoa leseni ya gari kwa mwenye miaka 17. Majimbo mengi ya Marekani yanaanza na 16, kwa masharti. Ujerumani inataka 18 ili mtu aendeshe peke yake, lakini tangu 2011 nchi nzima imeruhusu mwenye 17 kuendesha akiwa na mtu mzima aliyeandikishwa kwa jina. Kwa hiyo siwezi kukupa namba nikasema hii ndiyo. Ishirini na moja ya mke wako nayo, nahisi, haikutoka kwenye kitabu. Imepita 19 kwa miaka miwili, basi. Umewahi kumuuliza kwa nini alichagua 21?

Hofu yake hata hivyo si ya mtu anayeota. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na waliochunguza madereva wapya wameona jambo ambalo wazazi wengi hatulitarajii: kipindi cha kujifunza, mwalimu akiwa kando, ni salama kuliko tunavyodhani. Hatari inapanda ghafla pale kijana anapopewa leseni na kuanza kwenda peke yake, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Binti yako yuko katikati ya miezi hiyo hasa.

Unasema anaendesha vizuri. Nakuamini kuhusu mkanda, simu na mwendo, na hayo si madogo. Lakini naomba nikuulize swali ambalo huenda likakuuma kidogo: umejuaje mengine? Glakoma mara nyingi huanza kula pembeni mwa macho, polepole, hata mwenyewe asitambue, maana katikati bado anaona vizuri. Daktari amekuzuia kuendesha kwa sababu unaweza usimwone mwendesha baiskeli anayetokea kushoto. Sasa, ulipokuwa kiti cha mbele zile safari nne, yule mwendesha baiskeli ulimwona? Ukisema binti hakukosea, unasema hakukosea katika sehemu ya barabara unayoiona wewe. Pengine hakukosea kweli. Lakini wewe ulijiona msimamizi, na kwa mtazamo wangu mtoto wa miezi miwili ya leseni alikuwa peke yake, tena amebeba mgonjwa anayempenda, anawahi miadi, mvua inanyesha, na ana siri ya kulinda. Huo ni mzigo hata kwa dereva mkongwe.

Tofauti ya mkongwe na mgeni haipo sana mikononi. Vijana hujifunza gia na usukani haraka kutushinda. Ipo machoni. Dereva mpya hutazama karibu na gari lake, husahau vioo, na huliona tatizo likiwa limeshakuwa tatizo. Mimi nilijifunza gari nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na wiki ya kwanza niliijua boneti yangu kuliko barabara! Mzoefu akiona mpira unavuka njia, mguu unaenda kwenye breki kabla mtoto anayeufuata hajatokea. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za kuchelewa kuona ni mita 33 zimeshapita. Hilo halifundishwi na mtihani, linafundishwa na safari nyingi kando ya mtu anayeona.

Umri nao una lake, sitaki kukuficha. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia papara huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kijana akiwa peke yake, au na mzazi, anaweza kuwa mtulivu kama unavyomwona wako. Ongeza wenzake ndani ya gari na mambo yanabadilika: tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba kwa dereva wa miaka 16 au 17 hatari ya ajali ya kuua inapanda kadiri vijana wenzake garini wanavyoongezeka. Usiku nao huongeza. Ndiyo maana New Zealand ilipoanzisha leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987, dereva mpya alipewa ruhusa ya kuendesha peke yake, lakini si usiku wa manane na si akiwa amejaza abiria. Mataifa mengine yakafuata.

Sasa rudi kwenye gari la yule marehemu wenu. Vijana watano, saa nane usiku, dereva rika lao. Kila kitu ambacho watafiti wanakitaja kilikuwamo. Mke wako anaogopa kitu halisi, na anakijua kwa undani kuliko mimi. Ila amekipanua kikafunika kila safari, hata ya asubuhi kwenda kliniki. Wewe nawe, kwa kunyamaza, hukumpa nafasi ya kukipunguza. Je, mkikaa, anaweza kuitenganisha safari ya saa tatu asubuhi na ile ya saa tano usiku? Sijui. Wewe unamjua. Lakini angalia kwamba ombi la sherehe ulilikataa palepale, bila kufikiri. Mnaogopa kitu kilekile, ninyi wawili, na hamjawahi kuambiana.

Kuna jambo jingine ninalolisema kwa tahadhari, na tafadhali usiende kulitumia kama rungu. Kijana wenu hakuwa anaendesha. Alikuwa abiria. Kumnyima binti usukani hadi miaka 21 hakumwondoi barabarani, kunamhamishia kiti cha nyuma cha gari la mtu mwingine, na dereva wa gari hilo hamtamchagua ninyi. Kwenye ile sherehe wenzake watakwenda tu. Nani atawaendesha? Na binti akijikuta saa tano usiku mbele ya gari la mtu aliyekunywa, atampigia nani simu, katika nyumba ambayo magari hayazungumzwi?

Tuje kwenye siri. Unapima hasara ya kusema: utaonekana mwongo, binti atanyimwa gari. Inaweza kuwa hivyo, sikudanganyi. Mkeo anaweza kukasirika wiki nzima au zaidi, na ana haki. Lakini ya kutosema umeiweka mbali sana, kwenye ajali tu. Mimi naiona karibu zaidi. Binti akikwaruza kioo cha gari la watu kesho, jambo la kawaida kabisa kwa dereva mgeni, atafanya nini? Kaka yake aligonga nguzo mkacheka. Yeye hana ruhusa ya kugonga nguzo. Dereva mpya anayeogopa kugundulika anaendesha akitazama saa na kuwaza alama za tairi uani, wakati macho yake yanatakiwa barabarani. Na bima nayo, umeitazama? Nyingi zina masharti kuhusu dereva mwenye umri mdogo au leseni changa.

Kuhusu yale macho ya jioni ile, ya boneti, sitaongeza kitu. Umeshayaelewa, ndiyo maana ukayaandika.

Binti anasema kaka yake alipendelewa. Utataka kumwambia kwamba kaka aliendesha kabla ya msiba, ndiyo tofauti yenyewe. Ni kweli, na inawezekana pia si kweli yote. Jiulize kwa uaminifu: kama leo angekuwa mvulana, mama yake angesema 21? Na wewe je? Inachekesha kidogo, maana tukiangalia ajali, vijana wa kiume ndio wanaoongoza. Sijui jibu la nyumbani kwako, ila msichana akisikia "tunaogopa kwa sababu ya ndugu yako" anaweza kulibeba. Akiona ukimya, atalitafutia maana mwenyewe, na ameshaipata.

Njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na miiba. Mnaweza kusimamisha kila kitu kwa muda, mkiwa wote mnajua kwa nini. Mkeo atapumua, ila ujuzi usiotumika unalala, na akianza tena akiwa na miaka 21 atakuwa mkubwa lakini bado mgeni barabarani. Mnaweza kumrudisha kwenye mazoezi na mtu anayeona vizuri: mwalimu wake wa shule ya udereva, kaka yake akija likizo, jirani mzee mwenye subira. Hii mimi inanivutia, nakiri. Mwaka 1993 Sweden iliwaruhusu vijana kuanza mazoezi na msimamizi wakiwa na miaka 16, ingawa leseni ilibaki ya 18, na waliotumia miaka hiyo kufanya mazoezi mengi walipata ajali chache walipoanza kwenda wenyewe. Ubaya wake ni gharama na muda, na kaka mtu si kila mara ni mwalimu. Wengine hugeuza masomo kuwa mashindano.

Mnaweza pia kukubaliana safari kwa safari: mchana kwanza, njia anazozijua, bila marafiki, kisha mvua, kisha usiku akiwa na msimamizi. Shida ya makubaliano ya namna hii ni kwamba mzazi mmoja hulegea na mwingine huwa askari, na kwa historia yenu fupi nadhani unajua nani atalegea. Nimewaza pia, na hili linaweza kukushangaza, kama mke wako angependa kupanda naye siku moja. Asiende kumkagua. Wazunguke mtaa mara moja, mama akiwa kiti cha mbele, kisha washuke. Huenda akakataa kabisa, na usimsukume. Watu hutofautiana: mmoja akiona mtoto wake anavyotazama vioo hofu hupungua, mwingine hurudi nyumbani anatetemeka. Yupo hata wa tatu, anayeshuka na kusema naye anataka kujifunza.

Kwa upande wa binti ningetamani umuulize jambo moja ambalo halimo kwenye barua yako. Anataka kukuendesha? Alisema "si mimi nipo?" na wewe ukasikia ndiyo. Lakini kijana mwenye baba anayepoteza macho hawezi kusema hapana kirahisi. Siku akiwa amechoka, au mvua ikiwa kubwa kuliko anavyoiweza, ana ruhusa ya kusema "Baba, leo siendeshi" bila wewe kukosa miadi? Kama hana, basi hajapewa ruhusa ya kuendesha, amepewa kazi. Tafuta njia ya pili ya kufika kliniki hata kama ni ya kuudhi, ili siku akisema anaweza, iwe kweli anaweza.

Kliniki yenyewe nayo, muulize daktari wako swali ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi kwa sababu hawaendeshi tena: naona kiasi gani pembeni, na je, nafaa kumsimamia anayejifunza? Ajibu vyovyote, utakuwa na kitu cha kumpelekea mkeo kisichokuwa utetezi.

Hukuniambia miadi inayofuata ni lini. Natamani ningejua, maana asubuhi hiyo ufunguo utatoka ama kwenye mfuko wako, ama kwenye mkoba wa mama yao, ama hautatoka kabisa na mtapanda gari la mtu mwingine wote watatu. Niandikie ulivyokwenda. Na msalimie binti. Mwambie hongera ya leseni, sina hakika kama kuna aliyempa bila kuongeza "lakini".

Mshauri wako